Kapelo ya RF, bei ya soko la Mwanga

Mwaka juzi nilikuwa Kibirizi hapa Kigoma, pale mwaloni, nasubiri mzigo wa dagaa, nimevaa kapelo yangu nyeusi yenye herufi mbili tu mbele, RF, na mfanyabiashara mmoja Mkongo aliyeshuka na boti kutoka Baraka akaniangalia weee, mwisho akanisogelea akauliza kwa heshima zote, "Papa, weye unatumikaka ku ambasade ya Ufaransa?" Mi nikabaki mdomo wazi, ubalozi tena? Kumbe kwa mtu aliyesoma Kifaransa RF ni République Française, herufi za serikali, zinakaa kwenye mihuri na makaratasi. Nikamwambia hapana kaka, hii ni ya Roger Federer, mcheza tenisi. Akasema "aaa, tenisi" kama vile nimemtajia ugonjwa wa mifugo, akarudi kuhesabu magunia yake.

Toka siku hiyo kuna swali halijaniacha. Hivi shabiki tukinunua kitu cha mchezaji tunayempenda huwa tunanunua nini hasa? Maana kitambaa sio, kitambaa kipo kibao. Na kama tunanunua jina, mi jina langu nililolipia halijulikani na mtu kuanzia Gungu mpaka Ujiji, sa nimelipia nini?

Angalia jezi ya mpira kwanza. Ukivaa ya Yanga au ya Simba hapa Kigoma hutembei hatua ishirini hujasalimiwa au hujatukanwa, bodaboda anakupigia honi, muuza vocha anakukumbusha goli la wiki iliyopita, hata Mashujaa, timu ya hapa kwetu, wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika utaona watu wamekuja na jezi za timu ambazo siku hiyo hazichezi kabisa. Jezi ya mpira ni tangazo na kila mtu anajua kulisoma, ndo maana mtu yuko radhi kulipa hela nyingi kwa kitambaa chepesi kile, hela yake inarudi mtaani kila siku kwa njia ya salamu na kejeli. Tenisi haina hiyo. Mchezaji wa tenisi hana klabu, hana namba mgongoni, hana hata rangi yake ya kudumu, Januari yuko Melbourne amevaa rangi hii, Mei yuko Paris na rangi ya vumbi, Julai London anavalishwa nyeupe tupu kwa sheria ya Wimbledon atake asitake, Agosti New York anang'aa usiku kama taa za disko. Anachovaa ni nguo ya msimu. Ukisema unataka "jezi ya Federer" inabidi ujibu kwanza, ya mwaka gani, ya mashindano gani, ya mchana au ya usiku?

Kwa hiyo kampuni zikagundua dawa yake mapema, kwamba kama huwezi kuuza jezi basi uza alama. Federer akapewa RF, mpinzani wake mkubwa Nadal akapewa pembe za ng'ombe dume, na ukishaziweka kwenye kapelo shabiki hajali tena msimu. Ni akili sana kwa kweli, ila ndani yake kuna mtego ambao mi nimeuelewa kwa kuchelewa.

Niseme tu nilivyoingia kwenye huu ugonjwa. Tarehe 6 Julai 2008, Jumapili, binamu yangu alikuwa mapokezi kwenye gesti moja mjini, mle ndani kulikuwa na king'amuzi na mgeni mmoja alikuwa kakomaa anaangalia tenisi, ni fainali ya Wimbledon, Federer na Nadal. Nilikaa kumsubiri binamu amalize zamu tukale. Nikakaa masaa. Mvua ikanyesha kule London wakasimama, wakarudi, ikanyesha tena, huku kwetu usiku umeshaingia na enzi hizo umeme wa Kigoma ni wa majenereta, hauko kwenye gridi ya taifa, ukikatika umekatika. Na ukakatika, seti ya tano, mi na yule mgeni tumebaki gizani tunaangalia kioo cheusi. Asubuhi nikasikia redioni Nadal kashinda 9-7 kwenye seti ya mwisho, mechi ilikula masaa 4 na dakika 48. Nilikuwa upande wa aliyefungwa na sikuona hata alivyofungwa. Sijui kama kuna namna nyingine ya kumfunga mtu kwenye ushabiki kuliko hiyo.

Turudi kwenye mtego. Federer alikuwa na Nike toka ujana wake, RF yote ile ya kwenye kapelo na makoti ilikua chini ya Nike. Mkataba ukaisha 2018, na Julai mwaka huo akaingia uwanjani Wimbledon kavaa Uniqlo, kampuni ya Kijapani, ikaripotiwa ni dola milioni 300 kwa miaka 10. Mtu ana karibu miaka 37! Na RF? RF ikabaki Nike. Yani herufi za kwanza za jina alilopewa na wazazi wake, mwenyewe hawezi kuzibandika kwenye shati lake, akawa anaulizwa kila mahali anasema wanashughulikia, ipo siku itarudi. Februari 2020 alicheza na Nadal pale Cape Town, mechi ya hisani, nchi aliyozaliwa mama yake, watu 51,954 uwanjani, na shati lake halina RF. Alama ilimrudia mwaka huo huo na Desemba 2020 ndo Uniqlo wakaanza kuuza kapelo zenye RF upya.

Sasa pigia hesabu ile miaka 10. Mechi yake ya mwisho ya singo ya kiushindani ni Wimbledon 2021, alitoka robo fainali na seti ya mwisho akala sifuri, 0-6, kwa Hurkacz. Septemba 2022 akaaga rasmi London akicheza dabo pembeni ya Nadal na wote wawili wanalia. Kwa hiyo Wajapani walilipia miaka 10 na kwenye hiyo miaka 10 mchezaji wamempata kama minne na kidogo, tena wa magoti mabovu. Walijua wanachofanya. Hawakununua mchezaji, walinunua jina, wakijua jina halichaniki msuli.

Wengine wanahama tu na nguo zao. Djokovic mi nimemuona Adidas, akaenda Sergio Tacchini, akaenda Uniqlo huyo huyo kabla ya Federer, toka 2017 yuko Lacoste. Serena alikuwa Puma kabla ya Nike. Shabiki wa Djokovic aliyenunua kila kitu toka mwanzo kabati lake linafanana na la mtu aliyeokota nguo kwenye maboti manne tofauti. Na kila akihama nguo ya zamani inakuwa si yake tena kiofisi ila kwako wewe uliyeivaa siku aliyoshinda inabaki ni yeye, na hapo kampuni na shabiki wanaachana njia.

Ila hili la jina kubaki na mtu kuondoka lina wazee wake, na wazee wenyewe wako miguuni na vifuani mwetu hapa hapa Kigoma. Simama stendi asubuhi hesabu vijana waliovaa raba nyeupe zenye kisigino cha kijani, zile za Adidas, Stan Smith, orijino na feki zikiwa pamoja. Waulize Stan Smith ni nani. Mi nimeuliza wanne. Mmoja akaniambia ni jina la kiatu, mwingine akasema ni fundi aliyevibuni, wengine wakaniona nawapotezea muda. Stan Smith ni mtu, Mmarekani, kachukua Wimbledon 1972, na sura yake imechorwa kwenye ulimi wa kiatu, mtu anafunga kamba kila siku juu ya uso wa mwenzake hamjui! Tena kabla yake kiatu hicho hicho kilikuwa na jina la Mfaransa, Robert Haillet, naye mcheza tenisi, akastaafu, jina likabadilishwa, kiatu kikaendelea na safari.

Na yule mamba? Fulana za kola zinazoitwa form six zimejaa kila ofisi ya kata, na yenye mamba kifuani inaheshimika zaidi hata kama mamba mwenyewe anaangalia upande usiofaa. René Lacoste alikuwa bingwa wa tenisi miaka ya 1920, waandishi wakampa jina la utani mamba, akachoka kucheza na mashati ya mikono mirefu akajitengenezea ya mikono mifupi yenye kola laini, 1933 akafungua kampuni. Kwa hiyo ile form six ambayo mtendaji anaivaa Ijumaa babu yake ni vazi la tenisi. Fred Perry naye, mwenye lile taji la majani, kashinda Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936. Nani anakumbuka forehendi yake? Sisi tunaoishi kando ya ziwa lenye mamba wa kweli tumevaa utani wa mwanaume wa Kifaransa vifuani na hatujui. Sisemi ni vibaya, nasema jina likishauzwa vya kutosha linaacha kuwa la mtu, na nahisi RF iko kwenye foleni hiyo hiyo, Federer mwenyewe aliwekeza kwenye kampuni ya raba ya kwao Uswisi, On, toka 2019 na kuna raba zinaitwa The Roger. Subiri miaka 40 utasikia mtoto anasema Roger ni jina la kiatu.

Haya, tunanunuaje? Kwa mtu wa huku njia ziko tatu na zote zina miba.

Ya kuagiza nje nitaipita haraka maana inaumiza. Unaingia kwenye duka la mtandaoni, unachagua kapelo, unafika kwenye kuchagua nchi Tanzania haipo. Basi unatafuta mtu wa kago, inapelekwa kwenye stoo yake huko iliko, inapigwa kilo, inakuja Dar, kuna ushuru, kuna VAT asilimia 18, kuna hela ya wakala, halafu inapakiwa kwenye basi inavuka nchi nzima mpaka ufikie mwisho wa reli. Reli ilifika Kigoma 1914 na mpaka leo kitu kidogo kama kofia kinafika huku kimeshakula bei yake mara mbili njiani. Nilifanya hesabu mara moja tu, nikafunga simu nikalala.

Ya pili ni kurasa za mitandaoni za hapa nyumbani, "mzigo mpya umeingia, orijino, njoo inbox bei". Nilituma 45,000 kwa ukurasa mmoja, sitautaja, mzigo ukaja kwa basi umefungwa vizuri kabisa na karanga za plastiki juu. Kufungua, herufi ya pili mshono wake wa juu umejikunja mpaka umegusa wa katikati. RP. Nimevaa RP. Nikawapigia wakaniambia "kaka hiyo ni toleo maalum". Kingine nimekiona kwa macho yangu sokoni, kapelo ya RF yenye mistari mitatu ya Adidas pembeni, kampuni ambayo yule mtu hakuwahi kuivalia siku zote za umaarufu wake. Feki ina uhuru ambao orijino haina. Kwenye ulimwengu wa mikataba Federer na alama yake walitenganishwa kwa karibu miaka miwili na mawakili wanalipwa, kwenye ulimwengu wa feki hawajawahi kuachana hata siku moja, na ukitaka unaongezewa na Nadal kwenye kapelo hiyo hiyo.

Ya tatu ni mtumba, na hapa ndo kwangu.

Kapelo ya Kibirizi niliitoa soko la Mwanga, belo limefunguliwa asubuhi, wale wa kupointi wameshapita wamechukua jinzi na majaketi, vilivyobaki vimemwagwa chini kila kitu buku tatu. Nikaiona ile R imeegemea F, nikakagua ndani, lebo ipo, ile tiki ya Nike nyuma ipo, jasho la mtu fulani wa Ulaya au Marekani bado limeacha mstari mweupe kwenye ukingo. Mwili ukanisisimka aisee. Nikatoa elfu tatu bila kuomba kupunguziwa na yule dada muuzaji akanishangaa, maana hata yeye alikuwa anasubiri nianze kulalamika ili atelemke mpaka elfu mbili.

Unaona kilichotokea? Duka la mtandaoni linapanga bei kwa jina, kitambaa ni nyongeza. Mwanga wanapanga bei kwa kitambaa, zipu, doa na ukubwa, jina ni uchafu tu ulioshonewa juu. Fulana ya kampuni ya bima ya huko Kanada na fulana ya bingwa wa mataji 20 makubwa zinalala tumbo kwa tumbo kwenye turubai moja kwa bei moja, na kama ya bima ni nzito zaidi basi ya bima ndo ghali. Kwa shabiki hii ni pepo. Ina subira yake lakini, huwezi kuagiza belo likuletee unachotaka, na kinachokuja kinakuja na miaka yake, ndo kwanza naanza kuona vitu vya Nadal vya zamani zile na mwenyewe kashaaga Novemba 2024. Sisi tunashangilia kwa kuchelewa kama mwanga wa nyota, mchezaji ameshazima huku kwetu ndo kwanza anawaka.

Kuna rafiki yangu mwalimu aliwahi kunibana, akasema wewe sio shabiki ni mwokotaji, mchezaji wako hapati hata senti kumi ya hiyo elfu tatu. Kweli hapati. Ila mtu wa kwanza alishalipa dukani huko kwao, fungu la mchezaji lilishatoka siku ile, mi nimenunua mapenzi ya mtu yaliyomshinda. Na dola milioni 300 nikiongeza elfu tatu yangu haibadiliki sana. Mwalimu akageuzia kwenye viwanda vya ndani, kwamba mtumba unaua cherehani zetu, na hapo nikanyamaza kidogo maana ana hoja, 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa taratibu, Wamarekani wakakunja uso, Rwanda wakakomaa na ushuru wao na 2018 wakasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani, wengine sisi tukarudi nyuma. Hilo ni kubwa kuliko kapelo yangu. Lakini nikamuuliza, hicho kiwanda cha ndani kikifufuka kitanishonea RF? Akasema kitakushonea Mashujaa. Sikuwa na jibu.

Na hapo aligusa kidonda kingine. Tungekuwa na wa kwetu labda tusingefukua haya mabelo. Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya Wimbledon 2022, akafika ya US Open mwaka huo huo, akarudi fainali ya Wimbledon 2023, zote akapoteza, kwao wanamuita waziri wa furaha na zile fainali zilinitoa machozi kuliko ile ya 2008. Nimetafuta chochote chake kwenye mabelo ya Mwanga na Ujiji sijawahi kukiona hata kimoja. Inaleta maana ukifikiria, belo ni kabati la watu wa Toronto na Düsseldorf lililofurika, na kisichouzwa kwa wingi kwao hakiwezi kutupwa kwa wingi kwetu. Coco Gauff ana raba yake kabisa pale New Balance toka 2022, hizo nina imani zitafika, subirini tu watoto wa huko miguu iwakue.

Sasa kosa langu mimi. Ile siku ya kapelo furaha ilinizidi, yule dada alivyonishangaa nikaanza kumhadithia, nikamwambia huyu jamaa kachukua Wimbledon mara nane, hizi herufi walimnyang'anya akapigania miaka karibu miwili, huko nje hii kofia ni hela, na ukiona pembe za ng'ombe ujue ni Nadal niwekee. Nilimuonyesha mpaka picha kwenye simu. Alisikiliza vizuri sana, mteja mwingine akija anamwambia subiri kwanza.

Mwezi uliopita nimepita pale. Turubai liko chini kama kawaida, kila kitu buku tatu, ila juu kwenye kamba ya henga katundika vitatu peke yake, jinzi moja ya kamera, yani daraja la kwanza, koti la ngozi, na form six ya bluu ya Nike yenye RF ndogo shingoni kwa nyuma, imepigwa pasi. Nikauliza bei huku naangalia pembeni kama sina haja nayo.

"Hiyo ya Roger, kaka yangu. Elfu ishirini na tano."

Nikamwambia dada, mbona hii ni ya mtumba tu, kola yenyewe imepauka. Akaitoa kwenye henga akaigeuza akanionyesha zile herufi kwa kidole, taratibu, kama mimi ndo sizijui. "Hizi walimnyang'anya huyu," akasema. "Mara nane Wimbledon."

Nimelipa ishirini na mbili.